Upinde au mshipi?

Shemeji yangu kahamia Michigan, Marekani. Jana kanipigia nikiwa soko la samaki Feri nanunua changu: ajifunze kuwinda kwa upinde au kuvua kwa mshipi? Mimi ningeshika mshipi. Kulungu wa kule msimu wa mishale unaanza Oktoba 1, na lazima umsogelee mpaka mita 20 hivi. Unakaa juu ya mti tangu alfajiri, hukohoi, na upepo ukigeuka tu keshakunusa. Ukimpata, haya, friji imejaa. Ziwani mnapiga soga botini. Trauti wa ziwa ni wenyeji, ila samoni aina ya koho waliletwa kutoka Pasifiki mwaka 1966 ili wale visamaki vilivyokuwa vimefurika. Leseni analipia kote. Tena yeye mtoto wa Kigamboni, samaki anampara kafumba macho. Kulungu mzima atamchuna na nani?