Uzoefu wangu: king'amuzi cha mpira Wete, na saa walizoachiwa Coastal Union

Kabla ya kununua king'amuzi nilikuwa mtu wa banda. Hapa Wete, ukiteremka kuelekea bandarini, lipo banda la mpira lenye televisheni mbili: kubwa imepigwa ukutani, ndogo imewekwa juu ya dawati la skuli. Kubwa ni ya Simba au Yanga. Ndogo ni ya Uingereza. Mimi ni Coastal Union, timu ya Tanga. Nilifanya kazi Tanga miaka sita, nikivuka kwa boti kila Idi, na mtu hakai Tanga muda wote huo akarudi salama. Siku moja nikamwomba mwenye banda anifungulie Coastal na Namungo kwenye ile ndogo, maana Waingereza walikuwa bado hawajaingia uwanjani. Akanitazama kwa huruma.

"Ami, viti thelathini hivi utavilipia wewe?"

Nikanunua king'amuzi changu. Sasa nimeshalipa kifurushi msimu mzima, na naona yule mwenye banda na wanaopanga ratiba za televisheni wanapiga hesabu ile ile ya viti. Yeye aliniambia usoni tu.

Ufungaji sina mengi ya kusema. Fundi alikuja asubuhi, akakuta mwembe wa jirani umeziba upande dishi linakotaka kuangalia, akataka tuukate. Kukata mwembe wa mtu Pemba kwa sababu ya mpira ni kutafuta kesi, kwa hiyo dishi limehamia juu ya banda la kuku na picha ni safi. Masika ndiyo shida. Mvua ikiwa kubwa hasa, picha inagandaganda kisha inapotea, na inarudi mvua ikipungua. Mwenye kuniambia kuna king'amuzi cha dishi kisichoogopa mvua ya Pemba, simwamini. Malipo nafanya kwa simu, na tangu fundi aniandikie namba ya kadi kwa wino mweusi nyuma ya mlango sijapata tabu. Mwezi wa karafuu hulipa bila kuhisi. Miezi mingine hujiuliza.

Ninachotaka kusimulia ni ratiba.

Nilikuwa na dhana, na wengi wanayo, kwamba timu ndogo hazionyeshwi. Si kweli, na lazima niseme haki. Msimu huu Coastal nimewaona mara nyingi kuliko miaka yote niliyokaa bandani ukiijumlisha pamoja. Kamera zinakwenda, mtangazaji yupo, bao linarudiwa. Ukihesabu mechi tu utasema kila mtu kapata. Hesabu saa.

Mechi ya Simba au ya Yanga mara nyingi inawekwa jioni au usiku, watu wameshatoka kazini. Coastal na mwenzake wa hali yake wanaweza kupangiwa saa 8 mchana. Saa 8 mchana mimi niko dukani nauza vipuri vya pikipiki. Watoto wako skuli. Mke wangu, ambaye mpira kwake ni kelele, ndiye pekee anayeweza kukaa mbele ya televisheni, naye hataki. Wachezaji wenyewe wanakimbia juani, mpira unakuwa mzito, mtazamaji anachoka, halafu mchambuzi anasema timu hizi hazina mvuto. Waupate wapi mvuto saa 8 mchana?

Saa nzuri nazo kwetu Pemba zina mambo yake. Mechi ya saa 10 jioni inagongana na alasiri. Ya saa 1 usiku inagongana na isha, na kutegemea mwezi wa mwaka adhana hulia kabla ya mapumziko au ndani yake. Unakwenda, unarudi mbio umeshika kandambili mkononi, unakuta kipindi cha pili kimeshakatwa dakika kumi na mtu wa barazani anakwambia umekosa penalti. Hili simlaumu mtu. Nalitaja kwa sababu hakuna wa Wete aliyepigiwa simu akaulizwa.

Kisha kuna maneno. Siku ya Simba au Yanga, studio inafunguka mapema. Kuna kikosi kinachotarajiwa, majeruhi, gari la wachezaji linaingia uwanjani, mashabiki wanahojiwa getini, na mwisho wa mechi wanakaa tena. Siku ya Coastal na Mashujaa nafungua televisheni nakuta wachezaji wanapeana mikono, filimbi inalia. Mbaya zaidi ni pale Coastal tunapocheza na mmoja wa wale wawili. Hapo kweli tunapata saa nzuri na studio nzima, lakini kwa dakika tisini jina letu huwa ni "wapinzani". Kamera inalitafuta benchi lao. Beki wetu akiokoa mpira mstarini wanaanza na mshambuliaji kakosaje. Coastal hii ilichukua ubingwa wa Bara mwaka 1988, na msimu wa 2023/24 ikamaliza ya nne ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Si timu ya kuokotwa njiani.

Pesa zenyewe zimegawanywa vipi? Mwaka 2021 TFF, shirikisho la mpira la Bara, iliingia mkataba wa matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ligi ina timu 16. Ungeigawa kama pilau ya khitma, kila mtu sahani sawa, ingefika kama bilioni 1.4 kwa timu kwa mwaka. Haigawanywi hivyo. Lipo fungu la kuendeshea timu, na lipo la nafasi unayomaliza, ambapo bingwa aliwekewa milioni 500 na wa pili milioni 250. Ugomvi wenyewe ni wa zamani. Yanga waliukataa mkataba wa kwanza mwaka 2013, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba mwenye televisheni naye ana timu ndani ya ligi hiyo hiyo. Wakati ule niliwaona wakorofi. Leo naona swali lao lilikuwa na mantiki, ingawa sikubaliani na mkubwa anayetaka chungu kizima kwa sababu yeye ndiye mwenye mdomo mpana.

Jirani yangu ambaye ni mwalimu wa skuli, na ni Yanga wa kutupwa, ananipinga hapa kila siku. Kwake yeye bila Simba na Yanga hakuna anayenunua king'amuzi, kwa hiyo saa nzuri ni haki yao. Nikamtolea Uingereza. Kule pesa za televisheni za ndani ya nchi, nusu hugawanywa sawa kwa timu zote 20, robo kwa nafasi katika msimamo, na robo iliyobaki kwa idadi ya mara ulizoonyeshwa mubashara. Maana yake wamekubali waziwazi kuwa kuonyeshwa ni mali, wakaiwekea bei. Hispania walikuwa wabaya zaidi, Real Madrid na Barcelona kila mmoja akiuza mechi zake mwenyewe, mpaka serikali ilipotoa amri mwaka 2015 timu ziuze kwa pamoja. Mwalimu akasema hao ni Wazungu. Nikamwambia hata hao Wazungu, Jumamosi saa 9 alasiri ya kwao hawaruhusiwi kuonyesha mechi mubashara ndani ya Uingereza, ili watu wasiache kwenda viwanjani kutazama timu zao ndogo. Zuio linaanza saa 8:45 mpaka saa 11:15. Mechi hizo hizo mimi naziona Wete, nimekaa juu ya mkeka, huku mtu wa Liverpool hazioni kwenye televisheni ya kwao. Hilo lilimnyamazisha, kisha akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Hadi hapa ni habari za Bara. Za kwetu ni tofauti, na ndipo king'amuzi changu napokipa alama ya chini.

Mpira si jambo la Muungano. Tuna ZFF, shirikisho letu la Zanzibar, tuna ligi yetu, na klabu zetu zinakwenda mashindano ya Afrika kwa jina la Zanzibar. Mwezi Machi 2017 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilitupa uanachama kamili, Julai mwaka huo huo ikaunyang'anya, na sote tunakumbuka tulikuwa wapi siku zile mbili. Kwa hiyo mkataba wa TFF haunihusu ninapotaka kuwaona Jamhuri au Chipukizi, timu za kisiwa hiki hiki. Coastal angalau ana saa mbovu. Jamhuri kwenye kifurushi changu nimemtafuta na sijamwona hata kwa saa mbovu. Mechi zao nazifuata kwa redio, kwa simu ya mtu aliyeko uwanjani, au nakwenda mwenyewe uwanja wa Gombani, Chake Chake, kwa gari ya abiria. Na hiki ndicho kisiwa cha nchi iliyokuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara wakisubiri mpaka miaka ya 1990 kupata televisheni yoyote.

Halafu inafika Januari. Kombe la Mapinduzi likianza, kamera zinavuka bahari zote. Mlandege, timu ya Unguja, walichukua kombe 2023 kwa kuwafunga Singida Big Stars 2-1, wakarudia 2024 kwa kuwafunga Simba 1-0 pale uwanja mpya wa Amaan. Wiki ile niliwasikia wachambuzi wakiwataja wachezaji wa Mlandege kwa majina, tena bila kubabaika. Februari ikaingia, nikawatafuta Mlandege kwenye king'amuzi. Hawapo.

Mwaka 2025 kombe lilichezwa na timu za taifa na fainali ikaletwa Gombani, tarehe 13 Januari, Zanzibar Heroes na Burkina Faso. Nilikwenda. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba nusu ya mchezo niliuona kupitia kwapa la mtu. Kila penye ubishi tuliokuwa uwanjani tukawapigia simu waliobaki nyumbani kuuliza marudio yanaonyesha nini. Ndugu yangu aliyeko Maskati akanipigia yeye, ananieleza mimi niliyeko Gombani kinachotokea Gombani. Tukashinda 2-1. Niliporudi usiku nikafungua king'amuzi nikaitazama upya mechi niliyotoka kuiona, kwa sababu mabao yote mawili sikuyaona sawasawa, na kwa sababu nilitaka kuliona jina la Gombani limeandikwa pembeni mwa kioo.

Je, ninunue au nisinunue? Wanaoniuliza nawajibu hivi. Ukiwa Simba au Yanga, nunua, hakuna kitu kimetengenezwa kwa ajili yako zaidi ya hiki. Ukiwa wa Uingereza tu, angalia kwanza kifurushi kina ligi ipi, maana ving'amuzi havifanani na pesa ukishatuma hairudi. Ukiwa wa timu ya katikati ya msimamo wa Bara, nunua ikiwa kazi yako inakuruhusu kukaa nyumbani mchana. Ukiwa wa Jamhuri, weka nauli ya Gombani.

Mimi nimelipa tena juzi. Nimehamishia televisheni ndogo dukani, nyuma ya kabati la tairi, na waya nimeupitisha darini. Jumamosi iliyopita Coastal walikuwa saa 8 mchana. Alikuja mteja anataka plagi ya Boxer, akaona mpira, akauliza nani wanacheza. Nikamwambia. Akasema yeye pia aliwahi kukaa Tanga, Ngamiani, akavuta ndoo akakaa. Plagi alinunua baada ya filimbi ya mwisho.