Duka la dawa Wandegeya: dawa ya nyongo pamoja na maelezo yake

Mama anaugua mirija midogo ya nyongo ndani ya ini, akaandikiwa asidi ya ursodioksikoliki. Duka hili la Wandegeya, Kampala, nalisifu kwa moyo wote. Mfamasia alimpima uzito kwanza: kilo 60. Dozi ni miligramu 13 hadi 15 kwa kila kilo kwa siku, hivyo vidonge vitatu vya miligramu 300.

"Mama, nyongo ikikwama, asidi zake kali huharibu utando wa seli za ini kama sabuni inavyokata mafuta. Dawa hii ni asidi ya upole. Inachukua nafasi ya zile kali na kuchochea nyongo itoke."

Alisema wazi pia kwamba muwasho wa ngozi unaoletwa na ugonjwa huu huenda usiishe. Bei ni ya juu kweli, na hawauzi nusu pakiti.