Vibao vya barafu vya maji ya chumvi: chukua cha buluu

Mimi hupeleka samaki Nakuru kutoka Kisumu, fileti za mbuta na ngege wazima, na safari ya kupita Ahero, Kericho na Salgaa haimhurumii samaki. Vibao hivi vya plastiki vinavyouzwa Kibuye nimevitumia kwa biashara. Vyote vina maji ya chumvi ndani. Cha buluu chumvi yake ni kidogo. Chekundu ni asilimia 23, imeandikwa ubavuni.

Muuzaji atakusifia chekundu kwamba baridi yake ni kali. Ni kweli, ila maji yenye chumvi kiasi hicho hayagandi mpaka yafike nyuzi 21 chini ya sifuri, na friza zetu nyingi huishia 18. Kiache humo wiki nzima, ukikitikisa bado utasikia maji yakicheza. Kibao kisichoganda hakikufai kitu, kwa sababu kazi ya barafu iko katika kuyeyuka: kilo 1 ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto la kutosha kupoza kilo 4 za maji kutoka nyuzi 20 hadi sifuri.

Hata ukipata friza ya kukigandisha, usikilaze juu ya ngege wabichi. Nyama ya samaki huanza kuganda ikishuka nyuzi 1 au 2 tu chini ya sifuri. Ikiganda polepole, fuwele za barafu hukua kubwa na kuitoboa. Baadaye inachuruza maji, inalegea. Mteja akibonyeza kidole, shimo linabaki palepale. Chekundu kiwekee fileti zilizokwisha kugandishwa, hapo hakina mpinzani.

Cha buluu ndicho changu. Plastiki yake inapitisha mwanga, kwa hiyo unaona kinavyoganda: fuwele nyembamba kama sindano zinatoka ukutani kuelekea katikati. Fuwele hizo ni maji matupu, chumvi inasukumwa mbele yake. Ndiyo sababu katikati hubaki ujiuji mpaka mwisho, maana chumvi yote imekimbilia huko, na joto la huko sharti lipenye barafu iliyotangulia kuganda. Unene ukizidi mara 2, muda unazidi kama mara 4. Chagua vile vyembamba basi, na kwenye friza usivibananishe. Acha nafasi hewa ipite kila upande.

Kasoro ni kifuniko. Mpira wake unachoka upesi, na chumvi ikivuja juu ya fileti umepata hasara, kwa hiyo kila kibao nakifunga ndani ya mfuko. Ngege bado nawafunika kwa barafu ya kusagwa, inayowagusa mwili mzima, na vibao vya buluu navisimamisha kwenye kuta za sanduku ili barafu hiyo isiishe kabla ya Mau Summit. Kwa shilingi 900 kimoja, nitaongeza vingine vya buluu. Chekundu sinunui tena.