Nimefufua shoki za Raptor 700 hapa hapa Mombasa: uzoefu wangu

Kama una kwadi ya michezo, ile pikipiki ya magurudumu manne, ya mkono wa pili na mkono unakuwasha kuagiza shoki mpya kutoka nje, subiri kidogo. Zangu zote tatu nimezifanyia ukarabati mjini hapa, nikabadilisha springi, beringi za nyuma na bushi za mbele. Ukijumlisha kila kitu, springi zilizotoka Marekani zikiwemo, sikufika nusu ya bei niliyotajiwa ya shoki mpya za mbele peke yake, na hiyo ni kabla ya ushuru. Kazi nimeridhika nayo. Gereji yenyewe nina maneno nayo, lakini hayo baadaye.

Mashine ni Yamaha Raptor 700R, silinda moja, cc 686. Kwenye karatasi gurudumu la mbele lina nafasi ya kupanda na kushuka milimita 231, na la nyuma 256. Hiyo ni nafasi kubwa, na ndiyo inayoitofautisha kwadi ya michezo na zile za kukodisha watalii ufukweni. Yangu ilikuwa haiitumii hata nusu. Nyuma ilikuwa imekaa chini kama imebeba abiria, na ukiingia kwenye shimo inagonga hadi kiunoni. Mbele kulikuwa na ugonjwa mwingine: ukipita mawimbi madogo ya mchanga mgumu, usukani unakutetemesha mpaka vidole vinakufa ganzi. Kwenye njia za mawe za Mwakirunge nilikuwa nasimama kupumzika kila mara, na mimi si mzee.

Gereji iko Changamwe, uchochoroni, katikati ya watu wa malori. Ukifika utadhani umepotea. Fundi mwenyewe amekulia kwenye pikipiki za mashindano, na kitu cha kwanza alichoniuliza hakikuwa modeli wala bajeti.

"Ami, una kilo ngapi?"

Nikamtajia za kukisia. Akatabasamu, akanivalisha helmeti, buti na kinga ya kifua, akanipeleka kwa jirani anayeuza mahindi ya jumla. Nikapanda mizani ya magunia huku kina mama waliokuja kununua wakinitazama kama sarakasi. Kilo 104. Akaandika kwa chaki ukutani, na kila uamuzi uliofuata ulitokana na namba ile.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteza pesa. Springi huchaguliwa kwa uzito wa mpandaji pamoja na mavazi yake. Ile ringi iliyo juu ya springi ambayo watu huikaza kwa nyundo na bisibisi wakidhani wanaifanya springi kuwa ngumu, haifanyi hivyo. Inainua tu mahali kwadi inapokaa. Springi laini iliyokazwa hadi mwisho inabaki springi laini, ila sasa inakurusha juu kwa hasira kwa sababu gurudumu halina tena nafasi ya kushuka na kufuata shimo. Kwa kilo zangu, jibu lilikuwa springi ngumu zaidi mbele na nyuma. Wauzaji wa springi huko nje wanakuuliza uzito, aina ya mashine na unapopanda, kisha wanakutumia zinazofaa. Mzigo wenyewe ulikuja bila matatizo, maana springi ni chuma tu, haina cha kuvunjika njiani.

Wakati tunasubiri, tukafungua nyuma. Raptor ina shoki moja nyuma, na haijafungwa moja kwa moja kwenye mkono wa gurudumu. Kati yake kuna linki, kipande cha chuma chenye bolti kadhaa, na ndani ya kila tundu mna beringi za sindano. Bolti ya kwanza ilitoka kwa kubembelezwa. Ya pili ilikataa kabisa. Fundi akaipulizia mafuta ya kulegeza kutu akaiacha ilale, asubuhi akaipasha moto, akaigonga kwa kipande cha shaba ili asiharibu nyuzi, na ilipochomoka, sindano zilimwagika mezani kama unga wa pilipili. Hakukuwa na hata moja iliyobaki na umbo. Shoki ya nyuma ilikuwa ikisingiziwa: linki ndiyo iliyoganda, na linki ikiganda hata shoki ya dola elfu moja itakaa hapo kama pambo.

Sababu tunaijua sisi wa pwani. Unakwenda ufukweni maji yakipwa, unapita kwenye vidimbwi, chumvi inaingia, halafu unaipeleka kwadi kwa vijana wa kuosha kwa presha. Ile presha inaisukuma chumvi ndani ya sili na kuitoa grisi. Unarudi nyumbani na kwadi inayong'aa huku ndani inaoza. Siku hizi naosha kwa mpira wa bustani tu, maji matamu mengi, bila kukaribia linki na nguvu. Na grisi tumeweka ile ya kijani wanayotumia watu wa boti, isiyoondoka na maji.

Beringi hazikuhitaji kuagizwa. Karibu zote zina namba ubavuni, na zilizopoteza namba fundi alizipima kwa kalipa: kipenyo cha ndani, cha nje, na upana. Maduka ya beringi mjini yana saizi hizo, na unayemwambia namba hakuulizi ni ya gari gani. Bushi za mikono ya mbele ndizo zilizokosekana, basi fundi kerezo wa jirani akazikereza kutoka kwenye nailoni ngumu. Zinateleza vizuri, hazishiki kutu, na akazitoboa mfereji wa grisi. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo kazi safi kuliko zote zilizofanyika pale, na ndiyo iliyokuwa rahisi zaidi kwa bei.

Sasa shoki zenyewe. Ndani ya shoki kuna pistoni inayosukumwa kwenye mafuta, na juu yake visahani vyembamba vya chuma vinavyojikunja kuyapitisha. Nguvu ya shimo inageuka joto ndani ya mafuta hayo. Mafuta yakichakaa yanakuwa mepesi, yakipata joto yanakuwa maji, na kwadi inaanza kudunda. Nitrojeni iliyo kwenye kopo la pembeni inayabana mafuta yasitoe povu, kwa sababu pistoni ikikutana na povu haina cha kushika. Yaliyotoka kwenye zangu yalikuwa ya kijivu, yananuka kuungua, na kopo moja lilikuwa halina gesi hata kidogo. Fundi alinipa rodi, ule mti wa chuma unaoingia na kutoka kwenye shoki, niipitishe ukucha toka juu hadi chini. Ukucha ukikwama mahali, pale kutu imeshakula kromu na sili mpya itachanika mara moja. Za mbele zilikuwa salama. Ya nyuma ilikuwa na alama ndogo, akaisugua kwa msasa laini sana uliolowanishwa, mpaka ukucha ukapita.

Tahadhari kwa wanaopenda kujaribu nyumbani: usifungue shoki yenye gesi kabla ya kuitoa gesi yote kwenye vali. Na kamwe usijaze oksijeni ya mtu wa kuchomelea. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inaweza kulipuka. Hewa ya kompresa nayo haifai, ina unyevu. Nitrojeni inayotakiwa, kwa shoki nyingi za aina hii, ni psi 150 hadi 200 hivi, na mashine za nitrojeni za maduka ya tairi zimetengenezwa kwa presha za tairi. Nilidhani hapo ndipo tungekwama. Kumbe mafundi wa eyasi na vyumba vya baridi wana mitungi ya nitrojeni pamoja na regyuleta, maana ndiyo wanayopimia mabomba kama yanavuja. Fundi alimpigia mmoja, akaja na mtungi wake kwenye tuktuk, akajaza zote tatu, akalipwa kwa M-Pesa, akaondoka kabla chai haijapoa.

Kufunga kulikwenda haraka. Kupanga ndiko kulikochukua muda, na ndiko kulikonithibitishia kwamba huyu bwana anajua. Kwadi iliinuliwa kwa jeki magurudumu yakining'inia, akapima toka gurudumu hadi bodi. Ikashushwa, nikapanda na mavazi yote, akaniambia nirukeruke kidogo kisha nitulie, akapima tena. Anachotafuta ni tofauti iwe karibu theluthi ya nafasi yote: kwa Raptor ni kama milimita 77 mbele na 85 nyuma. Kabla ya ukarabati nyuma ilikuwa imezama zaidi ya nusu nikiwa nimekaa tu, sijaondoka hata hatua. Skrubu za kushuka na za kurudi, zinazopanga kasi ya shoki kuminyika na kurudi, alizifunga hadi mwisho kwa ulaini, kisha akazifungua akihesabu kila klik, akaandika kwenye kipande cha karatasi. Mimi nimekipiga picha, na nakushauri nawe ufanye hivyo. Kisha akatoa upepo kwenye tairi. Kwadi ya michezo inataka psi 4 au 5 tu, na geji nyingi za petroli stesheni hazisomi vizuri huko chini. Nunua yako ndogo.

Nimeipakia kwenye pikapu nikaipeleka Vipingo, njia za vumbi kando ya mkonge, halafu baadaye kwenye matuta ya mchanga ya Mambrui. Tofauti ya kwanza ni ukimya. Hakuna tena ule mgongano wa chuma kwa chuma. Kwenye mawimbi madogo magurudumu yanafanya kazi chini na usukani umetulia, mikono haichoki. Kwenye tuta nikitua, nyuma inashuka, inapokea, inarudi mara moja na kutulia badala ya kudunda. Mwanzoni ilikuwa inarudi polepole mno, mashimo yakifuatana ilizidi kuzama, nikafungua skrubu ya kurudi klik mbili na ikakaa sawa.

Rafiki yangu wa Nyali ana Raptor kama hii yenye shoki mpya za gharama, tukabadilishana mashine siku hiyo ya Mambrui. Zake ni bora, nisidanganye, hasa baada ya kukimbiza muda mrefu: zina mwili mkubwa na mafuta mengi, kwa hiyo hazichoki kwa joto upesi. Anayeruka na kushindana, pesa ile ina maana. Kwa mwendo wetu wa Jumapili, nilipomrudishia yake sikujisikia mnyonge.

Malalamiko yangu ni haya. Gereji ile haina mlango, na shoki haitaki vumbi. Nilidai meza ifunikwe karatasi safi na vipande vioshwe upya kabla ya kufungwa, la sivyo vingefungwa na mchanga. Risiti utaipata ukiiomba mara tatu. Neno "kesho" pale halina tarehe. Halafu usikubali waondoke na spea zako za zamani, ziombe zote, uzione kwa macho yako.

Ukienda, usiende Ijumaa mchana, hutomkuta mtu mpaka msikiti utoke, na wakirudi wanataka kula kwanza. Jumatatu asubuhi mapema ni bora, kabla malori hayajajaza uchochoro. Nenda na mavazi yako yote ya kupandia, maana mizani inakusubiri.