TAHADHARI: Ukiambiwa "toka kwenye akaunti ndio punguzo likubali", usilipe

Wadau habari zenu, naomba msome hii hasa nyie mnaonunua vitu mtandaoni kwa simu, kuna mchezo unaendelea sasa hivi na unawakamata watu makini kabisa, sio wale tunaopenda kuwaita washamba kila mtu akilizwa.

Mchezo wenyewe uko hivi. Unaona tangazo Instagram, blenda, simu, friji dogo, chochote, na muuzaji anasema bidhaa zake ziko pia kwenye lile duka kubwa la mtandaoni lenye wauzaji wengi ambalo wewe tayari una akaunti. Unaingia unaikuta kweli, bei 185,000. Kwenye tangazo lakini kuna promo kodi (herufi au namba unazoandika wakati wa kulipa ili upunguziwe, sio kodi ya serikali) ya punguzo la asilimia 30, ambayo ingekushusha mpaka 129,500. Unaiweka kodi kwenye kapu, inakataa. Unarudia, inakataa. Unamfuata muuzaji WhatsApp kwa namba iliyo kwenye tangazo, anajibu fasta, lugha tamu, "karibu kipenzi", halafu anakuelewesha kwamba kodi ni ya wateja wageni tu, ukiwa umelogin mfumo unakusoma kama mteja wa zamani, kwa hiyo chagua moja: ubaki kwenye akaunti ulipe bei kamili, au utoke, uagize kupitia linki yake kama mgeni upate punguzo. Ukishafika kwenye linki yake napo kuna kitu kinakwama, basi anakwambia usijali dada angu, lipia moja kwa moja namba hii hapa, nitumie skrinshoti, bodaboda anatoka sasa hivi.

Dada mmoja tunayefanya naye kazi ameondoka na hasara kwa njia hiyo hiyo, na huyu ni mtu wa mahesabu, risiti zake zote huwa anazipanga kwenye faili. Alipoona mzigo hauji akaenda kulalamika kwa lile duka kubwa, wakamuuliza namba ya oda, hana. Wakaangalia akaunti yake, hakuna oda yoyote. Na wako sahihi, haikuwahi kuwepo oda, kilichopo ni pesa iliyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mtu mwingine. Muuzaji akawa ameshambloki.

Sasa hili la kuchagua kati ya akaunti na punguzo ndilo nataka tuliongee vizuri, maana hapo ndio mtego wote ulipo. Watu wengi wanaona akaunti ni usumbufu tu, paswedi, barua pepe, meseji za matangazo zisizoisha. Lakini oda uliyoiweka ukiwa ndani ya akaunti ina namba, ina tarehe, ina jina la muuzaji, bei na anuani ya kupelekewa, na vyote viko kwenye kompyuta za duka, sio kwenye simu ya muuzaji. Kwenye maduka kama AliExpress pesa yako haimfikii muuzaji hapo hapo, inashikiliwa mpaka mzigo ufike au muda wa kulalamika upite, na malalamiko yenyewe unayafungulia kwenye oda hiyo hiyo. Ukitoka nje ya akaunti ukaenda kulipa pembeni unaviacha vyote hivyo nyuma yako, na muuzaji tapeli analijua hilo kuliko wewe. Hiyo elfu hamsini na tano na mia tano anayokupunguzia haijamtoka mfukoni, hana hata blenda ya kuiuza.

Sisemi kila kodi ya punguzo ni wizi, zipo za kweli nyingi tu. Maduka halali huwa yana kodi za oda ya kwanza, kodi za kuanzia kiasi fulani cha manunuzi, kodi zinazokufa baada ya siku chache, na kuna maduka ambayo bei ya mwanachama na kodi kweli haviwezi kutumika pamoja. Hiyo ni kawaida ya biashara. Tofauti ni kwamba kodi ya kweli unaiandika kwenye kile kisanduku cha sehemu ya kulipia, ndani ya duka lenyewe, bei inashuka mbele ya macho yako kabla hujatoa hata shilingi, au inakataa na maisha yanaendelea. Na hata ukinunua kama mgeni kwenye duka la kweli bado unapewa namba ya oda kwenye barua pepe au meseji, na pesa inalipwa kwa duka. Kodi ya kweli haihitaji mtu wa WhatsApp wa kuiombea.

Mimi kama duka halali limenilazimisha kuchagua kimoja naangalia kitu chenyewe. Kava la simu la elfu nane, sawa, chukua kodi, nunua kama mgeni. Kitu cha laki na kwenda juu, chenye waranti, kinachoweza kufika kimevunjika au sio saizi yako, nabaki kwenye akaunti hata kama nalipa zaidi. Na mpige hesabu mpaka mwisho jamani pamoja na delivari, kuna punguzo ambalo linarudi lote kwenye gharama ya usafiri na hujashtuka.

Kuna na upande wa pili wa mchezo huu ambao ni mbaya zaidi maana hauishii kwenye hela ya blenda. Huyu hakwambii utoke, huyu anakwambia uingie. Anakutumia linki, "login hapa ili kodi yako iwashwe", na ukurasa unafanana kabisa na wa duka au wa Facebook au wa Google. Ukiandika paswedi pale umeikabidhi. Angalieni anuani ya tovuti kule juu, msiangalie nembo, nembo mtu ananakili kwa sekunde. Na ile alama ya kufuli isiwape amani, inaonyesha tu kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti yamefichwa, haisemi mwenye tovuti ni mtu mwema, hata tapeli anaipata bure. Kitu kinachosaidia kweli ni hiki: kama simu yako huwa inajaza paswedi yenyewe kwenye duka fulani halafu leo haijazi, simama hapo hapo. Simu imekumbuka anuani ya duka la kweli na hii haiitambui. Wewe macho yanaweza kudanganywa, yenyewe inalinganisha herufi kwa herufi. Kwa hiyo kulogin ni kwa kufungua programu ya duka mwenyewe au kuandika anuani kwa mkono, linki ya kutumiwa haihusiki.

Halafu wanamalizia na hii ya tarakimu sita. "Kuna kodi imeingia kwenye simu yako dia, nitumie niunganishe na punguzo lako." Hiyo sio kodi ya punguzo!! Ni namba ya kusajili WhatsApp yako kwenye simu yake, au ni OTP (namba ya siri ya kutumia mara moja) ya benki, au ya kubadilisha paswedi ya barua pepe. Soma meseji yote, imeandikwa kabisa usimpe mtu yeyote. Ukimpa ya WhatsApp anaingia, anawasha uthibitishaji wa hatua mbili kwa PIN yake, na wewe ukijisajili tena unaambiwa weka PIN ambayo huijui, unaweza kusubiri mpaka siku 7. Siku hizo mama zako wadogo na shemeji zako wanaweza kuombwa hela kwa jina lako. Ikitokea, jisajili upya papo hapo kwa namba yako hata kama utakwama kwenye PIN, maana ukiingiza tu zile tarakimu mpya yeye anatolewa nje. Na ambaye hajawasha hatua mbili aziwashe leo, ziko kwenye mipangilio ya akaunti ya WhatsApp.

Kuhusu kulipa. Kabla ya kuweka PIN, iwe M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa, soma jina linalokuja. Duka limejiita kampuni halafu jina linakuja la mtu binafsi, ghairi. Akikwambia "hiyo ni ya mhasibu wetu", ghairi vile vile, mwambie akupe lipa namba ya biashara yenye jina la duka, wengi hapo ndio wanaanza kununa. Lipa namba nayo sio kinga ya asilimia mia, ila angalau. Kwa hapa mjini kama inawezekana lipa mzigo ukiuona.

Aliyeshalipa asikae kumbembeleza muuzaji WhatsApp, huko ndio anakupotezea muda ili atoe hela. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako hapo hapo na namba ya muamala, waombe wazuie, ikiwa bado haijatolewa kuna matumaini. Meseji za kitapeli kwa Tanzania tuma kwenda 15040, hiyo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Wa Kenya kwa Safaricom pelekeni meseji ya utapeli 333, na meseji ya muamala uliokosewa ipelekeni 456 kuomba pesa irudishwe. Halafu nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako), usiseme ni hela ndogo, tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015 na kitu cha kuianzia ni malalamiko yenu. Skrinshoti chukua kabla hujablokiwa: maongezi, namba, tangazo, jina la kwenye muamala.

Na kabla ya kumwamini muuzaji yeyote wa Instagram fungua peji yake, bonyeza zile nukta tatu juu, nenda sehemu ya kuhusu akaunti hii. Mara nyingi utaona imefunguliwa lini, na kama imebadilisha majina utaona ni mara ngapi. Peji iliyomliza dada wa ofisini bado iko hewani, sasa hivi ina jina jingine na inauza viatu vya watoto, wafuasi ni wale wale, komenti imezifunga. Kama kuna mtu ameambiwa "toka kwenye akaunti" na muuzaji wa viatu wiki hii, asilipe, na skrinshoti zake aziweke hapa chini tuziunganishe na za huyu dada zipelekwe kwa pamoja.