Mashine ya kadi za kuongea ya Sh 22,000: nimekaa nayo miezi miwili

Niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwa mmoja wa wale vijana wanaopanga vitu chini juu ya turubai. Alianzia Sh 35,000, tukamalizana kwa 22,000. "Mzee wangu, wiki mbili tu, dogo anaongea kama mtangazaji wa redio." Nilicheka, ila hela nikatoa. Mwanangu ana mwaka na miezi tisa, na hapa kwetu Segerea kuna jirani ana binti wa rika hilohilo anayeomba maji kwa sentensi nzima, na tafadhali juu. Mzazi ni mzazi.

Kwa wasioijua: ni kiboksi cha plastiki chenye mpasuo juu. Unachomeka kadi yenye picha, mama mmoja wa Kiingereza aliyemo humo ndani anataja kitu, halafu mlio unafuata. Kadi ziko 112, zina picha pande zote mbili, kwa hiyo maneno 224. Chaji inakaa siku mbili tatu, hapo sina neno. Lakini haina kitufe cha kupunguza sauti! Saa 11 alfajiri mtoto akiamka kabla yenu, nyumba nzima inatangaziwa tembo.

Picha nazo zina mambo. Stroberi ipo, dubu wa kwenye barafu yupo. Fenesi hakuna, muhogo hakuna, bajaji ndiyo usiulize. Siku ya kwanza nilimwekea ng'ombe. Mashine ikasema yake, ikalia muuu. Mwanangu akaitazama picha, akaigusa mgongoni kwa kidole kimoja, akasema, "Nyama."

"Ng'ombe, baba."

"Nyama."

Nikakosa hoja. Ng'ombe wote anaowafahamu wananing'inia buchani. Kuku tukamtoa, akamwita chipsi.

Kadi ya basi ndiyo iliyonifundisha mimi. Alipoiona tu akapayuka, "Chucha!" Hilo neno alikuwa nalo muda mrefu tukidhani ni mate tu yanamsumbua. Kumbe ni "shusha", ameliokota kwenye daladala za kwenda Kariakoo. Akichoka kubebwa anampiga mama yake begani mara mbili, pa pa, kama konda anavyogonga bodi, kisha "Chucha!" Usipomshusha anagonga tena, na safari hii anakunja uso kabisa, kama abiria aliyepitishwa kituo.

Maneno yake yote ameyatoa kwa watu, hata moja si la kwenye kadi. "Titaki" analisema mdomo ukiwa wazi unapokea kijiko. Viambishi bado hajaviona umuhimu: taka maji, taka gari, taka simu ya baba. Bibi yake alipokuja kutoka Tanga alikaa naye mkekani asubuhi nzima akimfundisha adabu. "Sema shikamoo, bibi." Kimya. "Shikamoo!" Mtoto akaona kumbe yeye ndiye anayeamkiwa, akaitikia kwa utulivu wa mzee wa kanzu, "Mahaba." Bibi alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Sasa hivi mahaba anayagawa mtaani: kwa muuza maziwa, kwa fundi umeme, kwa dada wa duka. Mama yake anasema neno hilo kalirithi kwa baba. Nakanusha.

Kwa haki ya mashine, kuna kitu kimoja imemfundisha. Ukiizima inatoa kamlio kanakoshuka, tirililiii. Mwanangu amekachukua. Akishiba uji, tirililiii, anafumba macho. Ukimgombeza, tirililiii, hayupo tena hewani. Nimeshatamani kukatumia kwenye kikao cha ukoo.

Basi nyota tatu kati ya tano. Kadi ni ngumu, zimehimili uji na meno, ingawa ya ndizi imetafunwa pembe. Ukitaka dakika kumi na tano za kukuna nazi bila mtu kukushika sketi au suruali, inunue, na usizidishe 22,000. Ukitaka ikufundishie mtoto kuongea wewe ukiwa umekaa kwenye mpira, baki na hela yako. Na kabla ya kulipa mwambie muuzaji aichomeke kadi tano sita mbele yako; ya kwangu kadi ya treni inasema tikitimaji, na Kongo hakuna atakayekumbuka alikuuzia nini.

Juzi nimerudi kazini nimechoka, nikatupa suruali kitandani. Mtoto akaipekua, akatoa kitambulisho changu cha NIDA, akakichomeka kwenye mashine. Kimya. Akakitoa, akakifuta kwenye tumbo lake, akakigeuza, akachomeka tena. Kimya. Akaiangalia picha yangu, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa.

"Baba bovu."

Tirililiii.