Mazoezi ya futiboli na netiboli ya watoto Jumamosi hapa Bombo, Uganda, nawapa nyota nne

Wazazi mnaouliza kama haya mazoezi ya Jumamosi yanafaa, mimi nasema mpelekeni mtoto, elfu kumi si pesa mbaya kwa kile anachopata. Binti yangu alianzia mahali pengine, sipataji, watoto kibao wamepanga mstari nyuma ya koni na mpira ni mmoja, unapiga unarudi nyuma kungoja zamu, kocha kazi yake filimbi na kufoka. Koni alikuwa anazizunguka vizuri tu, ila ukimweka kwenye mechi anaganda, maana koni haikukabi bwana.

Huku wanagawanywa wanne kwa wanne, viwanja vidogo vidogo, magoli ni matofali, hakuna wa kusimama bure. Kocha anaweka sheria, mfano hakuna kufunga mpaka mpigiane pasi tatu, halafu katikati anasimamisha anauliza "mbona umempa huyo na amebanwa, nani alikuwa wazi?" na mtoto anajibu mwenyewe. Siku hizi naona wangu anainua kichwa kuangalia wenzake kabla hata mpira haujamfikia, na hakuna aliyemwambia "inua kichwa". Na si mambo ya jana haya, Bunker na Thorpe, wahadhiri wa michezo kule Uingereza, waliyaandika 1982, kwamba mtoto aelewe mchezo kwanza, afanye nini na lini, ufundi wenyewe ufuate.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya netiboli. Kocha ni mtu wa futiboli, unaona kabisa. Kuna watoto hata kudaka kwa mikono miwili hawajui, anawaacha wacheze na kuwauliza maswali, sasa utamuuliza nini mtoto ambaye mpira unampiga kifuani? Hapo onyesha, taratibu, waige, warudie. Vilevile mguu wa kutua, yaani ule unaokanyaga kwanza ukidaka mpira, ukishauinua huruhusiwi kuukanyagisha tena kabla hujaachia mpira, na una sekunde 3 tu, hilo mtoto haligundui peke yake. She Cranes wetu, timu ya taifa ya netiboli ya Uganda, walishika nafasi ya 5 duniani 2023 pale Cape Town, tusifundishe netiboli kama kitu cha ziada jamani.

Na wazazi wenzangu mnaosimama pembeni mkipiga kelele "piga! piga!", mnaharibu, mtoto anaacha kufikiri anawasikiliza nyie.

Wanasema saa mbili kamili lakini wanaanza na nusu. Kivuli hakuna, mbebeeni maji.